Bima ya gari la zamani unaloliendesha kila siku Uganda: ipi ianze, ipi iwe ya mwisho

Kama Peugeot 504 yako inalala bandani na kutoka Jumapili tu, huna haja ya kuumiza kichwa sana. Nazungumza na anayetoka Bombo kila asubuhi na gari la miaka arobaini na kitu, akapenya katikati ya boda boda hadi Kampala.

Nafasi ya kwanza naipa bima kubwa, ile inayolipa hata madhara ya gari lako mwenyewe, yenye thamani ya makubaliano. Mnaandika kiasi kabla hujalipa hata shilingi. Gari likiibwa au likiharibika kabisa, hicho ndicho unachopewa. Bila hivyo mthamini atakuja na hesabu ya uchakavu, na kwake gari la 1979 ni chuma chakavu, hata kama injini umeifunga upya juzi. Yamenikuta. Boda alinivunjia taa na bampa ya nyuma pale Kawempe, gharama za gereji zikaikaribia thamani iliyoandikwa kwenye bima yangu, kampuni ikataka kulihesabu gari kuwa limekufa. Kwa bampa! Na tangu 2018 sheria inazuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15, kwa hiyo kuagiza jingine si jambo la kutegemea. Dai pia kifungu kinachokuruhusu kubaki na gari lako hata likihesabiwa limekufa.

Ya pili ni bima kubwa ya thamani ya soko, lakini peleka ripoti ya mthamini, picha na risiti za vipuri. Usiishushe thamani ili ulipe ada ndogo. Gari la milioni 40 ukiliandikisha kwa milioni 20, hasara ya milioni 10 unaweza kulipwa milioni 5 tu, kwa sababu nusu nyingine ya bima umeibeba mwenyewe.

Ya tatu: bima ya mtu wa tatu (madhara unayowasababishia wengine), pamoja na moto na wizi wa gari lako. Inamfaa mwenye fundi wa kuaminika na moyo mgumu.

Stika ya mtu wa tatu peke yake naiweka mwisho. Ni lazima kisheria tangu 1989, ila gari lako haligusi kabisa, na kikomo chake ni shilingi milioni 1 kwa mwathirika mmoja.

Zile bima nafuu za magari ya kale tunazozisoma za Uingereza, nyingi huweka kikomo cha maili kwa mwaka na kutaka uwe na gari jingine la kazini. Usizitumie kupigia bei hapa.

Ukivuka Busia kwenda Kenya, Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka, inashughulikia madhara ya wengine na gharama za matibabu, si gari lako. Uharibifu wa gari lako uombee nyongeza. Na kabla ya kutia saini, uliza kama wanakubali vipuri vilivyotumika vya soko la Kisekka, Kampala, maana vipya vya 504 utavitafuta mpaka uchoke.