Modeli ya seli ya mmea: ukuta imara, kloroplasti dhaifu

Modeli hii ya plastiki, yenye ukubwa wa sinia dogo, inauzwa katika duka moja la vifaa vya skuli hapa Darajani, mjini Unguja. Niliinunua kwa ajili ya kufundishia mada ya usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Ubora wake umo katika ukuta wa seli. Umetengenezwa mgumu, na chini yake umewekwa utando wa mpira unaobanduka, hivyo mwanafunzi huelewa upesi kwamba ukuta wa selulosi ndio unaohimili msukumo wa maji yaliyojaa katika vakuoli, yaani kifuko cha maji ndani ya seli, na kwamba msukumo huo ukipungua jani hulegea na kushindwa kujitandaza juani. Kiini na mitokondria vinaridhisha.

Kasoro imo katika kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani ambamo usanisinuru hufanyika, nazo ndizo nilizozifuata. Vakuoli imefanywa ndogo na kuwekwa upande mmoja, huku kloroplasti zimetawanywa katikati kama karafuu zilizoanikwa jamvini. Katika seli ya jani iliyokomaa, vakuoli huchukua nafasi kubwa na kuzisukuma kloroplasti pembezoni, ambako kabonidayoksaidi iliyoingia kupitia stomata, yaani vitundu vya jani, huzifikia kwa masafa mafupi. Baya zaidi, kila kloroplasti ni tonge la kijani lisilofunguka. Mwanafunzi hazioni thailakoidi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ambamo klorofili, ile rangi ya kijani, hunasa mwanga, maji yakapasuliwa na oksijeni ikatolewa. Wala haioni stroma inayozizunguka, ambamo nishati iliyonaswa hutumika kuigeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Yote hayo nimelazimika kuyachora ubaoni.

Kijitabu kinachoambatana nayo, ambacho kwa hakika kimeandikwa kwa haraka, hakielezi kwamba hii ni seli ya jani. Mwanafunzi akiitazama ngozi ya ndani ya kitunguu kwa hadubini asione hata chembe ya kijani, atadhani hadubini ni mbovu, kumbe seli zile hazifikiwi na mwanga na hazina kloroplasti.

Kwa shilingi 60,000, mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kuinunua kwa kufundishia majina ya sehemu za seli na tofauti kati ya seli ya mmea na ya mnyama. Anayefundisha usanisinuru afadhali anunue chati ya ukutani inayoonyesha mkato wa jani pamoja na kloroplasti iliyopasuliwa. Duka hilo hilo linaziuza, tena kwa bei nafuu zaidi.