Magemu yangu yote nimeyaweka sehemu moja, na bado nilinyimwa lile nililolitaka

Haya ni maoni yangu kuhusu Playnite, programu ya kukusanya magemu ya kompyuta sehemu moja, na naandika nikiwa na hasira, afadhali niseme mapema. Hasira yenyewe siyo ya leo, ni ya likizo ya Desemba, lakini kila nikiwasha kompyuta inaanzia palepale ilipoishia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kondoa, alikuwa anapita Dodoma kwenda Mpwapwa kwa bibi yake. Angelala kwangu Ng'ong'ona usiku mmoja tu, asubuhi apande gari. Tangu katikati ya mwaka nilikuwa nimemwahidi kwenye simu kwamba akija tutacheza gemu la magari, lile ambalo yeye huishia kutazama video zake kwenye simu ya mama yake. Nililinunua kwa ajili yake. Nililipia kwa dola, kwa ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kutoka kwenye pesa za simu, nikalishusha kwa bando la usiku, siku nne mfululizo, naamka saa tisa kuangalia limefika wapi. Lilipokamilika nikalijaribu mwenyewe mara mbili tatu. Linawaka, linakimbia, sauti safi. Nikawa natulia kabisa moyoni.

Kabla sijafika kwenye usiku wenyewe, nieleze nilivyokuwa nimeipanga kompyuta, kwa sababu hapo ndipo nilipojiona mjanja.

Nilikuwa na lancha sita. Kwa asiyezijua, lancha ni programu ya duka la magemu inayokaa kwenye kompyuta yako: unanunulia humo, unashushia humo, na ukitaka kucheza sharti upitie humo. Steam ndiyo iliyotuzoesha. Kampuni ya Valve waliitoa Septemba 2003 ili magemu yao yawe yanajisasisha, na Half-Life 2 ilipotoka mwaka 2004, hata aliyenunua diski yake dukani ilimbidi awe na Steam ndipo acheze. Watu walinung'unika, wakazoea. Baadaye kila kampuni yenye gemu la maana ikataka na yenyewe iwe na mlango wake. Epic wakafungua duka Desemba 2018, wakaanza kugawa magemu ya bure, na Mei 2020 walipogawa GTA V watu walifurika hadi duka likazidiwa. Ukiwa kijana wa mshahara mdogo huwezi kuacha cha bure. Ndivyo unavyojikuta una akaunti sita, maneno ya siri sita, na programu sita zinazoamka pamoja na kompyuta kila asubuhi, kila moja inalamba bando kujisasisha kabla hujafungua chochote.

Mimi nilifikia hatua ya kununua gemu ambalo tayari nilikuwa nalo bure kwenye duka jingine. Siku hiyo ndipo nilipoweka Playnite.

Playnite ni programu ya Windows, ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Unaiunganisha na akaunti zako, inakusanya magemu yote na kuyapanga kwenye ukurasa mmoja, kila moja na picha yake ya jalada, kama kanga zilizotundikwa dukani. La Steam, la Epic, la GOG ambalo nalo ni duka la magemu, yote yanakaa bega kwa bega. GOG nao wana yao ya namna hiyo, Galaxy 2.0, waliyoitangaza mwaka 2019. Mimi nikabaki na Playnite kwa kuwa haina duka ndani yake, hainiuzii kitu. Siku ile nilikaa hadi usiku napanga tu, sikucheza hata dakika moja. Nilikuwa nina raha ya mtu aliyehamia nyumba yake mwenyewe.

Sasa twende kwenye Desemba.

Mtoto alifika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Shikamoo mjomba, marahaba, akaoga, tukala ugali na mlenda harakaharaka maana wote wawili tulijua kinachofuata. Nikawasha kompyuta. Playnite ikafunguka, ukurasa ukajaa majalada, na yeye akasimama kabisa kwenye kiti.

"Mjomba, haya yote ni ya kwako?"

"Yote."

Nilisema hivyo kwa kujidai. Nikabofya gemu la magari.

Playnite ikaiita lancha ya duka nililonunulia. Lancha hiyo ikaiita lancha nyingine, ya kampuni iliyotoa gemu. Hiyo ya mwisho sitaitaja jina, lakini ndiyo niliyokuja kuisema hapa. Siku zote ilikuwa inajitokeza sekunde mbili na kupotea, sikuwahi kuitilia maanani. Usiku ule ilisimama katikati ya kioo na kusema kuna toleo jipya, na kitufe kilikuwa kimoja tu: sasisha. Hakuna "baadaye." Hakuna "endelea hivyohivyo."

Na mtandao ulikuwa umelala tangu jioni. Huku kwetu hilo siyo ajabu, upepo ukivuma kidogo rauta inageuka taa nyekundu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, nchi nzima ilionja jinsi ilivyo kukaa bila mtandao. Mtu anayetengeneza kitu cha kuuza duniani kote angetakiwa kulijua hilo. Gemu lote lilikuwa ndani ya diski yangu, limejaa, halina haja ya kitu chochote kutoka nje. Tulikuwa watu wawili chumba kimoja, tunataka kupokezana padi moja. Nani wa kuombwa ruhusa?

Nikatoa simu, nikaweka laini nyingine, nikawasha hotspoti. Lancha ikaanza kujisasisha kwa mwendo wa konokono. Mtoto amekaa, mikono katikati ya magoti, anatazama ule mstari unavyojaa. Ukajaa. Lancha ikajifunga, ikajifungua, ikasema imenisahau: niweke barua pepe na neno la siri. Nikaweka. Ikasema imenitumia namba kwenye barua pepe. Namba ikachelewa, ilipofika nikaiandika, ikasema muda wake umepita. Nikaomba nyingine. Bando likaisha. Nikanunua jingine. Nikaandika namba mpya, ikasema nimejaribu mara nyingi mno, nisubiri.

Hapo ndipo yule mtoto aliponiuliza, bila ubaya wowote, kwa sauti ya kutaka kuelewa:

"Mjomba, si ulisema ni la kwako?"

"Ni la kwangu."

"Sasa unamwomba nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asubiri kidogo. Alisubiri hadi akalala palepale kwenye kiti, na kama saa tano hivi umeme ukakatika, nikambeba kumpeleka kitandani. Mtu ataniuliza kwa nini sikumfungulia gemu jingine. Nimejiuliza mara nyingi. Kila dakika nilikuwa naona bado dakika moja tu. Asubuhi nilimsindikiza stendi, akanishukuru kwa kila kitu, hakulalamika hata neno moja, na ingekuwa nafuu angelalamika.

Niliporudi nikawaandikia watoa huduma wao. Kwanza ikanijibu mashine, ikanitumia kurasa tatu za kusoma ambazo zote zilianza kwa kuniambia niwashe upya kompyuta. Nikasisitiza hadi nikapata mtu. Nikamweleza polepole, kwa Kiingereza changu cha shule: mtandao ulikuwa haupo, gemu liko kwenye diski, nilikuwa na mgeni. Akanijibu nihakikishe nina mtandao imara. Nikamwambia nimeshasema, mtandao haukuwepo, na gemu lenyewe ni la kuchezea nyumbani, siyo la kushindana na watu mtandaoni. Akasema huduma zao zinahitaji muunganisho, akauliza kama nimejaribu nikiwa eneo jingine. Eneo lipi? Nibebe kompyuta na mtoto usiku nikatafute mnara? Nikiwa bado naandika, akafunga mazungumzo. Dakika chache baadaye ikaja barua ya kuniomba niwape nyota.

Kilichoniuma siyo kwamba hakuweza kunisaidia. Hakusema pole. Fundi viatu akikuharibia soli hapa Majengo anakwambia pole, kondakta akikurudishia chenji pungufu na ukamkamata anasema pole. Neno la herufi nne. Mtu umelipa pesa yako, umeeleza masikitiko yako aya nzima, unajibiwa kama umegonga mlango wa jirani kimakosa.

Usiku huohuo nikaifuta Playnite. Ndiyo, Playnite. Nilikuwa naiona kama tapeli: imenionyesha ukurasa mzima wa vitu vyangu, nimebofya kimoja, ikanipeleka kwa watu wanaonidai kitambulisho. Nikasema bora nibaki na zile lancha sita, angalau kila moja haijifanyi kuwa nyingine. Ningeandika maoni haya wiki ile ningetoa nyota moja na kuwaonya wote msiiguse.

Nimekaa bila hiyo kama wiki mbili, na hasira ilivyopoa nikaona nimemwadhibu asiye na kosa. Playnite haina funguo. Inachofanya ni kukumbuka kila kitu kiko wapi na kukiita, ila kwa gemu linalodai lancha yake, lazima iiite lancha hiyo. Haijawahi kudanganya kuhusu hilo. Mimi ndiye niliyeuangalia ukurasa nikadhani ni kabati langu. Na hata neno "langu" lenyewe lina shida: tangu Januari 2025 sheria ya California inayataka maduka ya kidijitali yamweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni, na Steam walishaweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo tangu Oktoba 2024. Nimepita juu ya maandishi hayo sijui mara ngapi. Swali la mpwa wangu lilikuwa limejibiwa hapo siku zote.

Kwa hiyo nimeirudisha, ila sasa naitumia kwa namna nyingine, na hili ndilo ninalotaka wenzangu wa Dodoma, Singida, Manyoni na kwingineko kwenye mtandao wa kuvizia walichukue. Jumapili moja nilizima rauta na simu zote, nikaanza kufungua gemu moja baada ya jingine, yote yaliyomo kwenye diski. Lililofunguka nikalipa lebo ndani ya Playnite: "halihitaji mtandao." Lililogoma nikaliacha bila lebo. Ilinichukua tangu baada ya ibada hadi jioni. Sasa nikibofya ile lebo unabaki ukurasa mfupi, mfupi kuliko nilivyopenda, lakini kila kilichomo humo kinafunguka hata dunia yote ikizimwa.

Ya GOG yalinipa raha kuliko yote. Wale tangu walipoanza mwaka 2008 wanakupa faili la kusakinishia, unaliweka kwenye diski yako ya nje, basi, mmemalizana. Ya Steam yalichanganyika: kuna sehemu ya kucheza bila mtandao na kwa magemu mengi inafanya kazi, lakini gemu likiwa limefichiwa mlango wa kampuni nyingine ndani yake, sehemu hiyo haikusaidii kitu. Ila Steam hiyohiyo ina jambo ambalo lazima nilisifie. Tangu Februari 2023 kompyuta moja inaweza kuipa nyingine gemu kupitia rauta ya nyumbani bila kulishusha upya. Jirani yangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ana gemu ambalo na mimi nimelinunua, akaja na laptopu yake, tukaunganisha, likahama lote huku tunakunywa chai. Bando halikuguswa. Nilitaka kumkumbatia mtu aliyelifikiria hilo.

Kwa hiyo naipendekeza Playnite? Ndiyo, naipendekeza kwa moyo wote. Kuwa na kila kitu ukurasa mmoja ni nafuu kubwa, na sitaki tena kununua kitu nilichonacho. Hapana, ngoja. Naipendekeza kwa mtu atakayeizimia mtandao kwanza aone nini kinabaki. Ukiiweka na kuiamini kama nilivyoiamini mimi, itakuaibisha mbele ya mtoto, na hata hapo kosa halitakuwa lake. Kuhusu ile lancha ya kampuni iliyotoa gemu sina cha kupima. Jana nimeingia nikakuta imejisasisha tena, na gemu la magari sasa linafunguka vizuri tu, kama vile hakuna kilichotokea. Nimeliangalia likizunguka pale mwanzoni, taa za magari zinawaka, nikalifunga.

Mpwa wangu atapita tena likizo ya Juni. Nimemtafutia gemu jingine la magari, la zamani kidogo, barabara zake siyo nzuri kama za lile. Nimelijaribu mara tatu, rauta ikiwa imezimwa na simu ikiwa chumba cha pili.