TAHADHARI: Marina hii ya pwani yetu inakula pesa za mabaharia wageni na boya zake hazishiki

Salaam wadau wa bahari, hasa nyinyi mnaoleta yoti za wageni Kenya kutoka Tanga, Unguja, Ngazija na Seychelles, na nyinyi mnaolipwa kulinda boti za watu huku pwani wenyewe wakiwa wameenda kwao. Jina la hiyo marina siliweki hapa, jambo lenyewe limeshafika kwa wakili na sitaki kuharibu kesi ya watu, lakini haya nitakayoeleza ukiyaona mahali popote geuza omo (mbele ya chombo) utoke. Neno kubwa ni moja, msifunge chombo kwenye boya zao (zile za kufungia chombo, zenye mnyororo na uzito chini) na msitume pesa za mbele hata wakikubembeleza vipi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mzungu akifika huku hamuulizi mzungu mwenzake kwanza, anamuuliza baharia wake, anamuuliza ejenti, anamuuliza yule kijana anayemuuzia samaki, "wapi pazuri pa kufunga?" Sisi ndio tunaotoa jibu, na ukimpeleka mtu pahali pabaya lawama inabaki na jina lako, yule mwenye marina haimpati.

Na ndio msimu wenyewe huu. Wageni wanapanda kutoka Madagascar na Komoro na mabaki ya kusi kabla kaskazi haijakaza, manake kuanzia Novemba mpaka Aprili kule chini ni vimbunga na kampuni nyingi za bima hazitaki kusikia chombo kimekaa huko. Kenya tunasifika kwa hilo, vimbunga kwetu ni nadra sana (hata kile Hidaya cha Mei 2024 kilipiga upande wa Mafia, huku kikatufikia mvua na mawimbi tu). Alafu tangu tarehe 1 Januari 2023 yale mashirika ya meli yalipofuta eneo la hatari ya maharamia kwenye Bahari ya Hindi, watu waliokuwa wanatukimbia wameanza kuuliza njia tena. Yaani riziki imerudi mlangoni, mafundi wana kazi, wenye maboda wana kazi, kina mama wa mahamri wana wateja, sasa anatokea mtu mmoja na tamaa yake anataka kuwafukuza wote.

Njia yao ya kumnasa mtu iko hivi. Mgeni bado yuko Mayotte au Nosy Be, anaandika WhatsApp kuuliza nafasi, anajibiwa upesi tena kwa adabu, anatumiwa picha za jeti inayoelea, mpya kabisa, ina taa, maji, umeme, mlinzi na sare yake. Anaambiwa nafasi zimebaki mbili, atume pesa za msimu mzima sai apunguziwe. Akishatuma, yale majibu ya upesi yanakatika. Siku anafika mlangoni, pale chombo kinapoingilia kutoka bahari kuu, anaita kwenye redio ya VHF chaneli 16 mpaka sauti inamkauka, hakuna wa kuitika, na mlango ule una mwamba huku na huku, ukiupoteza mstari na maji yanakupwa umekwisha. Nimeshuhudia wavuvi wameacha nyavu zao katikati ya kazi wakamtangulia mgeni na dau lao mpaka ndani, na hawakumdai hata shilingi. Wenye kulipwa walikuwa wamelala.

Ndani sasa, ile jeti ya kwenye picha haipo. Ukiuliza unaambiwa "iko kwa fundi." Kuna jeti ya nguzo, mbao nusu zimeoza, na kila mtu wa huku anajua bamvua kubwa la Mombasa (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Jeti isiyoelea kwenye maji kama yale inataka mtu anayejua kamba, akae macho, alegeze na kukaza. Pale hakuna. Mgeni aliyezoea bahari zisizopwa anafunga kamba fupi maji yamejaa, anaenda kulala, saa sita baadaye chombo kinaning'inia ubavu na vile vyuma vya kufungia kamba vinang'oka na mbao zake. Akilalamika anaambiwa haya basi, chukua boya, na boya lina bei yake mbali na ile aliyolipa.

Hapa kwenye boya ndipo naomba msome taratibu.

Msimu uliopita ilikuja katamarani ya familia, baba, mama na watoto wadogo, chombo kile ndio nyumba yao, hawana nyingine nchi kavu. Wakapewa boya na meneja mwenyewe, akawaambia limekaguliwa. Usiku mmoja mvua za vuli zikaja na upepo wa ghafla, na lilikuwa bamvua, maji yanakupwa kwenda baharini kwa kasi, kufumba na kufumbua katamarani inakwenda na boya lake limefungwa pale pale omo. Ikapita katikati ya vyombo vya watu, ikakwama kwenye mikoko, usukani mmoja ukavunjika na mwingine ukapinda. Watoto walikuwa ndani wamelala. Mlinzi wa usiku alipiga firimbi mpaka tukaamka, meneja simu yake imezimwa, tukakesha tunavuta kamba mpaka maji yalipojaa tena.

Asubuhi maji yaliposimama nikaenda na mzamiaji tutazame kilichobaki chini. Lile zege waliloambiwa wageni halikuwepo, kulikuwa na injini kuukuu ya lori imelala kwenye tope. Mnyororo wa juu mzuri, umepakwa hata rangi, ule unaoonekana. Lakini pale chini ambapo mnyororo unanyanyuka na kuanguka kila wimbi ukisagana na mchanga, pete zimelika nusu kwa nusu, na ile pingu ya kuunganisha, pini yake imekuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti, imekatika, wala haikuwahi kufungwa waya wa kuizuia isifunguke. Ile pini niliishika mkononi, nimeipiga picha pamoja na rula ili ionekane vizuri. Kitu kile hakikukatika kwa usiku mmoja, kinachukua misimu kulika vile, kwa hiyo yule aliyesema kimekaguliwa alidanganya na watoto wa watu wamo ndani.

Mnajua alijibu nini? Kwanza "ni kazi ya Mungu." Alafu akatoa bili, anataka alipwe boya lililopotea. Wallahi. Mtu umekaribia kumtoa roho, alafu unamdai bei ya boya.

Na hata hizo boya zao zenye zege kweli msidanganyike na maneno ya "tani moja." Zege likiingia majini linapoteza uzito mwingi, tani 1 ya nchi kavu chini ya maji inabaki kama kilo 600 hivi. Kwa mashua ya kuvulia sawa, kwa katamarani nzito yenye ubavu mpana inayokamatwa na upepo na maji kwa pamoja, hapana, labda liwe limezama kwenye tope likashikwa na tope lenyewe. Nahodha yeyote wa jahazi huku analijua hilo bila kusoma popote.

Mengine nayapitia haraka. Umeme wa jeti hauna waya wa ethi unaoeleweka, nimepima mwenyewe, vyombo vilivyokaa pale vimechomekwa zinki zao za chini (zile zinazolika badala ya vyuma vya chombo) zimelika kabla ya wakati wake, na zinki ikiisha kinachofuata ni shafti na propela yako. Maji ya bomba ni ya chumvi lakini yanauzwa kwa bei ya matamu. Dizeli inatoka kwenye mapipa yaliyokaa mvuani. Ichukue kwanza kidogo kwenye chupa nyeupe uiache itulie, ukiona mstari chini hayo ni maji, usitie tangini, maana ikikuzimikia injini hutachagua pa kuzimikia, itakuzimikia pale pale mlangoni kwenye mwamba.

Lakini kuna moja silipiti haraka nalo ni karatasi za chombo. Wanamwambia mgeni leta usajili na pasipoti tupige kopi tukusaidie na forodha na uhamiaji. Kopi haziishi. Karatasi zinakaa kwenye droo ya ofisi, na siku anataka kuondoka ndio bili mpya inatoka, ina ulinzi wa ziada, ina takataka, ina "huduma," na asipolipa karatasi hazipatikani, mwenye funguo amesafiri. Upepo wa safari haumsubiri mtu, kwa hiyo wanalipa. Karatasi zako usimpe mtu wa marina, nenda nazo mkononi mwako kwa forodha na uhamiaji wewe mwenyewe au na ejenti anayejulikana. Kopi unapiga kwenye duka lolote la mjini.

Nataka niseme pia wafanyakazi wa pale sina ugomvi nao. Yule mlinzi wa usiku alikuwa ana miezi hajalipwa, na bado ndiye aliyepiga firimbi. Vijana wa maji wanatumia mashine zao wenyewe kuwavusha wageni. Wageni wengine wakiibiwa mashine ya nje au mafuta wanawaangalia hawa vijana kwa jicho baya, na wakati mwenye mahali pale taa za jeti zimekufa hanunui hata balbu. Ukiwapa kitu wape mkononi, kikipitia ofisini hakiwafikii.

Sasa ufanyeje. Kabla hujampeleka mtu mahali popote piteni kwanza ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya diko lililo karibu, wavuvi wanajua boya gani liliwahi kukatika na lini. Muulize mwenye boya nani alilizamia mara ya mwisho, na akuitie huyo mzamiaji uongee naye. Akisita umeshapata jibu. Ukifunga, washa injini urudi nyuma polepole, uongeze, huku umeweka macho kwenye vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la nyumba kwa mfano, vikianza kuachana ujue boya linatembea. Na kama una nanga nzuri, lala kwa nanga yako. Ila piga hesabu ya maji ya huku jamani, wageni wengi wanakosea hapa. Ukitia nanga maji yamekupwa kina ni mita 6 ukatoa mnyororo mara 5 ya kina yaani mita 30, bamvua likijaa kina kinafika karibu mita 10 na ule mnyororo umebaki mara 3 tu. Toa mita 50 tangu mwanzo, na uhakikishe una nafasi ya kuzunguka maji yakigeuka.

Kuhusu pesa, lipa kwa juma au kwa mwezi ukishaona kwa macho. Lipa kwenye Paybill au till yenye jina la kampuni, hawa wanakupa namba ya simu ya mtu binafsi na jina linalotokea kwenye M-Pesa hata halifanani na la meneja. Dai risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa mamlaka ya kodi, siyo ile karatasi ya kitabu cha dukani isiyo na muhuri. Ukinyimwa risiti, hakuna malipo.

Kwa wale ambao tayari wameliwa, msikae kimya mkaondoka. Mambo ya usalama, boya mbovu na jeti mbovu, yapelekwe kwa maandishi na picha KMA, ndiyo mamlaka ya bahari. Mambo ya kudaiwa na kudai, kuna mahakama ya madai madogo, inachukua madai mpaka shilingi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, kwa hiyo mgeni anayekaa msimu mzima anaweza kabisa kufungua na ikamalizika kabla hajang'oa nanga. Ile familia ya katamarani ndiko ilikoelekea. Meseji za WhatsApp msizifute, picha walizowatumia msizifute, na majibu ya M-Pesa yawekeni. Mwenye ushahidi wa aina hiyo anitumie inboksi, tunaukusanya pamoja, mpaka sasa waliojitokeza wanasimulia jambo lile lile moja.

Mwisho hawa nawaomba sana, nyinyi mnaolinda vyombo vya watu vilivyofungwa pale hivi sasa na wenyewe wako Ulaya. Mwezi mpevu uko karibu, bamvua linakuja nao, na vuli ndiyo hiyo imeanza kunguruma upande wa bara. Mpigieni mwenye chombo leo, mwambieni ukweli, akikubali hamisheni sasa hivi maji yakiwa bado mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo, maana mkondo ni mdogo na hata mashua moja yenye mashine inatosha kuvuta. Asiye na nanga ya maana anitafute, ninayo ya akiba ya kilo 35 na mnyororo wake, nitaiazima bure mpaka msimu uishe, na nitakuja mwenyewe kusaidia kuitia.