Raspberry Pi 4 sebuleni kwa mama, Mbeya: uzoefu wangu wa miezi saba

Kaka yangu alicheza dakika tatu, akaweka padi mezani, akasema, "Hii siyo."

Hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ambayo mashine yangu ya gemu za zamani, niliyoiunda kwa Raspberry Pi 4, iliipata. Iliniuma, maana nilikuwa nimeshatumia kama laki tatu na nusu na wikiendi mbili nzima. Nilikuwa nimemletea Mario yuleyule wa utoto wetu, kwenye TV ya inchi 43, rangi zimekolea, halafu mtu anasema siyo. Nikamuuliza, siyo vipi, kaka?

"Sijui, dogo. Mkono unachelewa. Na huo wimbo unakimbizwa na nani?"

Kaka siyo mtaalamu wa kompyuta, anauza vipuri vya pikipiki. Ila miaka ya tisini, pale Mwanjelwa, kulikuwa na nyumba moja yenye TV ya chogo na mashine ya gemu ya kaseti, na tulikuwa tunatoa sarafu ya shilingi ishirini ili tushike padi. Kaseti iliandikwa ina gemu 9999. Ukishuka kwenye orodha unakuta ni gemu saba au nane tu zinazojirudia, moja Mario anaanza mwanzo, nyingine Mario huyohuyo anaanza hatua ya tatu. Kaka alizimaliza zote. Kwa hiyo akisema mkono unachelewa, unachelewa.

Nilichonunua ni Raspberry Pi 4 ya GB 2. Ni kompyuta nzima kwenye bodi yenye ukubwa wa kadi ya benki, ilitoka mwaka 2019, ina prosesa ya viini vinne vya GHz 1.5 na inatumia HDMI kama kingamuzi, ila tundu lake ni dogo (micro-HDMI). Niliagiza Dar, ikaja na basi. Nikaongeza kadi ya memori ya GB 32, padi mbili za USB na kasha la plastiki. Chaja sikununua. Nilijiambia nyumbani chaja za simu zimejaa droo, ya nini kupoteza hela. Kumbukeni hapo.

Kwenye kadi niliweka RetroPie. Ni ya bure, na imekusanya programu nyingi zinazoigiza mashine za zamani kuanzia zile za kaseti hadi PlayStation ya kwanza. Haiji na gemu hata moja, na hiyo ni sawa, gemu ni mali ya wenyewe. Kuiweka ni kazi ya jioni moja, sina la kusimulia hapo. Shida ilianza baada ya kuwaka.

Kwanza, picha ilikuwa inakwamakwama. Unakimbia vizuri, ghafla inashika kidogo kama daladala yenye mafuta machafu, halafu inaendelea. Kwenye kona ya juu ya kioo kulikuwa na kialama cha radi ya njano kinachotokea na kupotea. Nilikiona siku ya kwanza nikadhani ni urembo wa programu. Siku nne nimehangaika na setingi, nimebadilisha programu ya kuigiza mara tatu, nimeshusha ubora wa picha, nimezima vivuli, wakati jibu liko kwenye kona ya kioo linawaka na kuzima.

Ile radi maana yake bodi haipati umeme wa kutosha. Inataka volti 5, na zikishuka chini ya 4.63 inatoa alama hiyo na kujipunguzia kasi ili isizime. Ukiandika `vcgencmd get_throttled` kwenye skrini nyeusi ya amri, inakupa namba. Mimi nilipata 0x50005, yaani umeme ni mdogo sasa hivi na ulishakuwa mdogo tangu ilipowashwa, na kasi imebanwa. Namba unayoitaka ni 0x0. Chaja yangu ya simu ilikuwa imeandikwa ampea 2, bodi inataka 3, lakini mchawi mkubwa alikuwa waya. Zile nyaya nyembamba za elfu mbili zinachaji simu bila tatizo kwa sababu simu ina betri, inavumilia. Bodi haina betri. Umeme ukipungua njiani ndani ya waya mwembamba, yenyewe inausikia papo hapo.

Nikanunua chaja ya volti 5.1 na ampea 3 yenye waya uliotoka nao kiwandani. Radi ikapotea, kukwama kukapungua sana. Kukapungua, hakukuisha.

Kilichobaki kilikuwa kinaanza baada ya kama nusu saa ya kucheza, na nilikielewa siku niliyopima joto kwa `vcgencmd measure_temp`. Nyuzi 82. Bodi hii ikifika 80 inaanza kujipunguza yenyewe. Sasa mimi niko Mbeya, ni mwezi wa Juni, nimevaa sweta na soksi mbili ndani ya nyumba, kitu gani hapa kinafika nyuzi 82? Nikaenda nyuma ya TV. Mama alikuwa amekifunika kikasha kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kama alivyofunika redio, kingamuzi na kila chombo cha umeme ndani ya nyumba ile. Na chini yake ni kasha la plastiki lisilo na tundu.

Kumwambia mama aondoe kitambaa siyo jambo la kusema kwa haraka. Nilimweleza kwamba chombo kinapumua. Akaniuliza mbona redio haipumui. Tukakubaliana kitambaa kiende chini ya kikasha, kisiwe juu. Baadaye nikabadilisha kasha, nikachukua la aluminiamu ambalo lenyewe linagusa prosesa na kutoa joto nje, halina feni wala kelele. Sasa nikicheza saa mbili inasoma nyuzi 50 na kitu. Kama unaishi huku Nyanda za Juu, Mbeya, Njombe, hata Iringa, feni usihangaike nayo, kasha la chuma na baridi yetu vinatosha.

Hapo ndipo nilipomwita kaka mara ya pili. Akacheza. "Haikwami tena. Ila mkono bado."

Hii ya mkono ndiyo iliyonifundisha mengi. Kwenye chogo, picha ilikuwa inapita moja kwa moja, unabonyeza na jamaa anaruka. TV za sasa zinaipokea picha, zinaichezea kwanza, zinanoa, zinalainisha, zinapaka rangi, ndipo zinaionyesha. Kwenye filamu hujui kama imechelewa, kwenye gemu unajua. TV yetu ina hali ya gemu, imejificha ndani ya menyu ya picha, ngazi ya tatu. Kuiwasha tu kulibadilisha karibu nusu ya tatizo. Ukiwa na TV ya kisasa na unasoma hapa kwa haraka, anza na hilo kabla hujagusa kingine.

Nusu ya pili iko ndani ya RetroArch, programu inayoendesha karibu kila kitu ndani ya RetroPie. Kuna kitu kinaitwa Run-Ahead, kwenye setingi za Latency, yaani kuchelewa. Gemu nyingi za zamani zenyewe zina kuchelewa kwa fremu moja au mbili (fremu ni picha moja kati ya zile 60 za kila sekunde), ndivyo zilivyoandikwa. Run-Ahead inaitangulia gemu kwa siri na kukuonyesha matokeo mapema. Nimeiweka 1. Fremu moja ni kama milisekunde 17, unaweza kudhani ni kitu kidogo, lakini kaka aliihisi bila kuambiwa. Nilijaribu 3 kwa tamaa, Mario akaanza kuonekana kama anaruka kutoka hewani, nikarudisha. Unaweza kupima mwenyewe kwa kibodi. Bonyeza P gemu isimame, shikilia kitufe cha kuruka, halafu gonga K fremu moja moja uone anaitika ya ngapi. Pia nilizima Threaded Video, maana inalainisha picha kwa gharama ya mkono.

Kuna watu watakuambia ongeza kasi ya prosesa. Nilijaribu, `arm_freq=2000` na `over_voltage=6` kwenye config.txt, faili la setingi za bodi. Kwa gemu za kaseti haikuongeza kitu ninachoweza kukiona. Mashine ya asili, Nintendo ya mwaka 1983, ilikuwa na prosesa isiyofika MHz 2, unaongeza mwendo uende wapi? Nimeifuta.

Imebaki hoja ya wimbo.

Hii niliipuuza kwa wiki kadhaa. Nilisikiliza wimbo wa Mario kwenye mashine yangu, nikasikiliza na mahali pengine, ni uleule. Nikamwambia kaka ni uzee. Naomba radhi hadharani, kaka alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyesahau.

Iko hivi. Mashine ya Japani na ya Marekani ilitengenezwa kwa TV za kule zinazoonyesha picha 60 kwa sekunde. TV zetu za chogo zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Zile mashine za kuiga Nintendo tulizochezea Mwanjelwa zilitengenezwa kwa ajili ya TV za namna hiyo, lakini gemu zilizokuwa ndani ni zilezile zilizoandikwa kwa 60. Na gemu hizi zinahesabu kila kitu kwa fremu, hatua za Mario, mwendo wa kobe, hata mapigo ya wimbo. Kwa hiyo kila kitu kilitembea kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Wimbo wa dakika moja ulichukua sekunde 72. Sauti haikushuka kuwa nzito, kwa sababu prosesa ya mashine ya kuiga ilikuwa karibu na ile ya asili, MHz 1.77 kwa 1.79, ndiyo maana hakuna aliyehisi kasoro. Utoto wetu wote ulikuwa unatembea taratibu na tulidhani ndiyo mwendo wenyewe.

Dawa ipo. Programu ya FCEUmm, inayoigiza mashine hiyo, ina sehemu ya Region kwenye Options, na ndani yake kuna NTSC (ule mfumo wa picha 60), PAL na Dendy. Dendy ni jina la mashine ya kuiga iliyouzwa sana Urusi kuanzia 1992, na ni jamii moja na zile zetu. Usichague PAL, hiyo inaigiza mashine halisi ya Ulaya na baadhi ya gemu zinavurugika. Chagua Dendy. Halafu TV nayo ipelekwe kwenye picha 50, la sivyo picha inajikwaa kila baada ya muda mfupi. Gemu inapoanza, RetroPie inakupa sekunde chache za kubonyeza kitufe na kufungua menyu ndogo, humo nikachagua 1280 kwa 720, Hz 50. Hiyo 720 nayo siyo ya bahati nasibu. Picha ya gemu ina mistari 240, mara tatu ni 720 kamili, kila nukta inakaa mraba wake bila kuvutwa.

Nikaweka, nikaongeza sauti, sikumwita kaka. Mama ndiye aliyepaza sauti kutoka jikoni, "Mwe! Hayo makelele mmeyarudisha tena?" Wiki zote zile wimbo wa mbio ulipokuwa unalia hakuwahi kusema neno.

Kaka alikuja jioni, akacheza mpaka chai ikapoa. Akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akaenda zake.

Mengine kwa ufupi. PlayStation ya kwanza inakimbia vizuri kabisa, mpira wa zamani tunaucheza watu wanne kwa zamu. Nintendo 64 ni bahati, gemu hii inakwenda, ile inasuasua, na sijaona setingi ya kuiponya yote. Gemu za PSP, ile PlayStation ya mkononi, nyepesi zinakubali, nzito zinagoma. PlayStation 2 sahau, anayekuuzia bodi hii kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Jambo la kuangalia sana ni kukatika kwa umeme. Kadi yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa pili wa kuitumia, ilikuwa inaandika kitu, umeme ukaenda. Na msimu wa mvua, radi za huku zikianza tu, mama anachomoa plagi zote ukutani bila kuuliza nani anafanya nini, na siwezi kumlaumu. Sasa nina nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta ya kazini, na nimeiambia RetroArch ihifadhi kumbukumbu ya gemu kila sekunde 10 badala ya kusubiri nitoke.

Kama ningeanza upya ningenunua chaja kabla ya bodi, na kasha la chuma siku hiyohiyo. Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeikata kwa sababu ya zile siku nne za radi ya njano. Ni kosa langu, lakini nyota ni zangu pia.

Kaka sasa anataka ile gemu ya kupiga bata kwa bunduki. Nimemweleza kwamba bunduki ile inategemea mwanga wa chogo, kwenye TV bapa haioni kitu. Akasema basi tutafute chogo. Lipo moja kwa fundi pale Mafiati, anataka elfu thelathini na anasema kioo ni kizima. Pi 4 inaweza kutoa picha ya PAL kupitia tundu la spika ukiweka `enable_tvout=1` na `sdtv_mode=2`, ila waya wake una mpangilio wa peke yake. Nilionunua unaleta sauti kwenye tundu la picha, na wiki hii nimeomba mwingine. Bunduki hatujaipata.