Alama ya "mtandaoni" kwenye WhatsApp: uzoefu wangu wa kununua na kuuza dagaa Mwanza

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na mzigo wangu mwingi unatoka Ukerewe na visiwa vya jirani. Biashara hii siku hizi karibu yote inapita WhatsApp: picha ya dagaa walioanikwa, bei, idadi ya magunia, saa ya kupakia. Kwa hiyo lile neno dogo linalotokea chini ya jina la mtu, "mtandaoni", naliangalia kutwa nzima. Nalipenda, na nimeona watu wengi wakigombana kwa sababu yake bure kabisa. Wanalidai jambo ambalo halijawahi kuahidi.

Linachosema ni hiki: WhatsApp iko wazi kwenye kioo cha simu ile, au kompyuta iliyounganishwa nayo, na intaneti ipo. Basi. Halisemi kwamba ujumbe wako umesomwa, wala kwamba mwenye namba ndiye aliyeishika simu. Muuzaji wangu mmoja wa Ukara simu yake mchana iko kwa mke na watoto, maana yeye anatoka ziwani alfajiri na kulala. Nikimwona mtandaoni saa nne asubuhi najua ni mtoto anatazama stetasi. Nikiwa na haraka naandika, "Mwambie baba akiamka, magunia yote nachukua mimi." Inafanya kazi vizuri kuliko kupiga simu na kumkatisha usingizi mtu aliyekesha majini.

"Mara ya mwisho kuonekana" kwangu ina thamani kuliko hata "mtandaoni" yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitawala wavuvi wengi wanatulia, wanashona nyavu. Sasa katika siku za giza, mvuvi akionekana mara ya mwisho saa kumi na mbili jioni, ameingia ziwani, na hakuna haja ya kumsumbua mpaka kesho. Asubuhi ikionyesha saa moja kasoro, amefika nchi kavu salama. Dakika hiyo mimi huwa natoa pumzi, hasa usiku ukiwa na upepo. Kisha ndipo naanza habari za bei. Kwa wateja wangu wa Lubumbashi nako kuna la kuangalia: saa unayoiona ni ya simu yako wewe, si ya kwao, na wao wako nyuma yetu kwa saa 1. Ukisoma saa moja asubuhi, mwenzako alishika simu saa kumi na mbili kwa saa yake. Usimwite mvivu.

Alama hii isomwe pamoja na tiki, la sivyo inapotosha. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umefika kwenye seva, yaani kompyuta kuu za WhatsApp, haujafika kwenye simu ya mwenzako. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu. Za bluu, mazungumzo yamefunguliwa. Juzi kati niliuliza, "Wa leo wamekauka?" Ikakaa tiki moja muda mrefu, nikajua mtandao kisiwani umekata au chaji imeisha, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumnunia mtu. Baadaye zikawa mbili, jina likaandika "mtandaoni", likaandika "anaandika", halafu likatoweka bila jibu. Nikasubiri. Jibu lilipoingia lilikuwa limekamilika: kulikuwa na manyunyu, wa juu wamekauka, wa chini bado wana unyevu, nisubiri jua la kesho. Alikuwa ameacha kuandika ili akawaguse kwanza. Mnunuzi mwenye pupa angeona "anaandika" imekatika, akadhani anazungushwa, akahamia kwa mwingine na kuletewa dagaa wanaoshika ukungu kabla ya kufika Shinyanga.

Na mtandao ukikatika ghafla, alama nayo inaweza kuchelewa. Simu inapofunga WhatsApp kwa utaratibu inaiaga seva, na seva inawaambia wale waliofungua mazungumzo nayo. Boti likivuka nje ya mnara, simu haijapata nafasi ya kuaga. Seva inabaki ikidhani mtu yupo mpaka itambue kwamba upande wa pili kumekufa. Ndiyo maana kuna wakati unamwona mtu yupo, unaandika, na tiki inagoma kuongezeka. Hajakupuuza. Ujumbe wenyewe haupotei: WhatsApp huushikilia hadi siku 30 ukisubiri simu irudi hewani.

Upande wangu mimi ndiye ninayeonekana, na hapo ndipo pana maudhi. Kijana ninayefanya naye kazi hufungua akaunti yetu kwenye kompyuta ya stoo. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa 4 viungwe na simu moja. Yeye akijibu oda kule, mimi naonekana niko mtandaoni ilhali nimebanwa kwenye daladala ya Buzuruga. Mteja mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alinipigia kwa uchungu: "Mayu (mama, kwa Kisukuma), nakuona upo, mbona hunijibu?" Nilimweleza, akaelewa, lakini maneno yake yalinikaa. Kwa mtu anayesubiri jibu la pesa yake, kumwona mwenzake yupo na kimya kunauma kuliko kutomwona kabisa.

Nje ya WhatsApp, uangalifu uongezeke. Kuna duka moja la mtandaoni nililokuwa naagiza vifungashio vya dagaa wa kukaanga. Pembeni mwa ukurasa wao kuna kidoti cha kijani kisichozimika, usiku wa manane kiko palepale. Niliandika mara kadhaa, sikujibiwa na mtu. Tovuti ya kawaida haina njia ya moja kwa moja ya kujua kwamba mtu ameondoka. Ukurasa ukishafika kwako, habari imeisha. Zile zinazojitahidi kuwa wa kweli huangalia mara ya mwisho ulipobofya kitu, zikakuhesabu upo kwa dakika 5, 10 au 15 baada ya hapo. Nyingine zimewekewa kijani moja kwa moja kama pambo. Kidoti cha namna hiyo mimi sikihesabu, natafuta namba ya simu.

Tena wazo la WhatsApp lilianzia hapahapa kwenye kuonyesha hali ya mtu. Jan Koum alipoianzisha mwaka 2009, mpango wake ulikuwa jina la mtu kwenye orodha ya simu liambatane na maneno ya kueleza kama anaweza kupigiwa au la: betri inaisha, niko kwenye simu nyingine. Ujumbe wa kutumiana ulikuja baadaye mwaka huohuo. Natamani wangeurudisha ule uwazi wa mwanzo, mtu achague mwenyewe maneno ya kuonekana pale juu: "niko ziwani", "naanika", "niko njiani Nansio". "Mtandaoni" peke yake ni finyu mno kwa kazi zetu.

Mipangilio ipo, nayo ni ya haki. Tangu mwaka 2022 unaweza kuficha hata hiyo "mtandaoni", si "mara ya mwisho kuonekana" pekee. Ingia kwenye mipangilio, faragha, uchague watu wote, walio kwenye orodha yako, walio kwenye orodha isipokuwa fulani, au asiwepo yeyote. Sharti ni kwamba ukiwaficha wenzako ya kwako, na wewe huoni ya kwao. Mimi nimechagua walio kwenye orodha yangu, kwa sababu bila kuwaona wavuvi ningekuwa nafanya biashara gizani. Anayedaiwa, anayesumbuliwa na mtu wa zamani, au anayetaka tu kusoma kwa utulivu, afiche bila kuona aibu.

Kwa wateja nimehamia WhatsApp ya biashara, ambayo ina saa za kazi na ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe. Wangu unasomeka: "Asante kwa kuandika. Tupo mwaloni tunapokea mzigo. Ukituona mtandaoni ni stoo inajibu oda zilizotangulia, yako tutaifikia leo kabla ya jioni. Kwa haraka, piga." Tangu niuweke, simu za malalamiko zimepungua sana, na yule mama bado ni mteja wangu.