Webimeli ya ofisi imefungiwa na seva, halafu unaambiwa ufute kashe

Naanza na hukumu: huduma kwa wateja ya kampuni iliyotupangishia seva ya baruapepe haifai. Seva yenyewe ni habari nyingine, nitafika huko, lakini kwanza niseme hili la watu.

Mwanzo wa mwezi, ankara zinatakiwa zitoke, webimeli haifunguki kwa mtu yeyote ofisini. Si kwamba imekataa nywila. Ukurasa wa kuingia wenyewe hauji. Brauza inazunguka weee, mwishowe inasema imesubiri mno bila kujibiwa. Outlook nayo inadai haioni seva. Tovuti ya kampuni, ambayo inakaa kwenye seva hiyohiyo, nayo haionekani. Lakini ukizima waifai ya ofisi kwenye simu ukawasha bando, vyote vitatu vinafunguka papo hapo.

Aliyewahi kusimamia seva ya barua akisikia maelezo hayo hahitaji kuongezewa kitu. Seva ni nzima, ila imeifungia IP ya ofisi, yaani namba inayoitambulisha ofisi kwenye intaneti. Tiketi ya kuomba msaada niliyoandika ilisema hivyohivyo, ikataja IP yetu, ikaeleza kwamba kwa bando inapita na kwa waifai haipiti, ikaomba watazame fayawoli, ule ukuta wa seva unaochuja nani apite. Jibu likaja: “Mpendwa mteja, tafadhali futa kashe ya kivinjari chako kisha ujaribu tena.”

Kashe inahusiana na nini hapo? Kashe ni picha na mafaili ya ukurasa. Ikichakaa inaweza kuvuruga mwonekano wa Roundcube, programu ya webimeli yenyewe, baada ya toleo kupandishwa, vitufe vikawa havibonyezeki. Kuki, alama ya kuingia kwako inayotunzwa na brauza, ikichakaa inaweza kukutoa nje na kukuambia muda wako umekwisha. Hakuna kati ya hizo mbili inayoweza kuzuia kompyuta zote za ofisi zisiifikie seva, Outlook ikiwemo, ambayo kashe ya brauza haiitumii kabisa. Nilipoyaandika hayo, kijana wa huduma kwa wateja akajibu kwamba upande wao kila kitu kiko sawa, niwatafute watu wa intaneti. Kisha akaifunga tiketi. Hakuuliza swali hata moja, akaifunga.

Kwa hiyo ukikutwa na hali hii, nenda kwao na ushahidi ambao hauna pa kukwepea. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika Test-NetConnection, jina la seva yako, kisha -Port 993 (poti ni mlango wa seva, na huu ni wa kusomea barua). Mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded, utakuambia True au False. Rudia kwa poti 443 ya tovuti, na kwa 2096 ya webimeli kama seva yenu ina cPanel, paneli ya kusimamia seva. Halafu unganisha kompyuta hiyohiyo na hotspoti ya simu yenye bando, upime tena zote tatu. Ikigoma 2096 peke yake huku 443 inapita, mara nyingi tatizo liko kwenu: fayawoli ya ofisi inaruhusu poti za kawaida tu. Hapo acha anwani yenye :2096, jaribu ile inayoanza na webmail. mbele ya jina la tovuti yenu. Ikiwa imewekwa, inapitia 443. Zikigoma zote ofisini na zikapita zote kwa bando, mmefungiwa. Andika kwenye tiketi majibu ya pande zote mbili pamoja na IP ya nje ya ofisi. Utaipata kwenye ukurasa wowote wa kuonyesha IP, ila hakikisha uko kwenye waifai ya ofisi unapoifungua, la sivyo utawapelekea IP ya simu yako.

Kwa nini seva ifungie? Kwa sababu kuna kifaa ofisini kinaingiza nywila ya zamani na hakichoki. Kwenye fail2ban, programu ya kufungia wanaokosea nywila, mpangilio wa kawaida ni makosa 5 ndani ya dakika 10, adhabu dakika 10. Seva za cPanel nyingi zina fayawoli iitwayo CSF, na mlinzi wake anayeitwa lfd anaweza kukufungia kwa muda au kwa kudumu, kutegemea alivyopangwa. Ofisi nzima inatoka nje kwa IP moja ya ruta, kwa hiyo seva haijui hii ni kompyuta ya mhasibu na ile ni simu ya stoo. Ni sawa na mpangaji mmoja kudaiwa bili ya maji, likakatwa bomba la nyumba nzima.

Tiketi ya pili ilipokelewa na dada mmoja wa zamu ya jioni, naye hapa nampa heshima yake. Hakuzungumzia kashe. Alitafuta IP yetu kwa csf -g, akaikuta, akaitoa kwa csf -dr, kisha akabandika mstari wa logi (kumbukumbu za matukio) ya Exim, programu inayotuma barua: “535 Incorrect authentication data”, IP yetu, na jina la akaunti iliyokuwa ikijaribu kuingia. Ilikuwa akaunti ya skani. Mashine ya fotokopi inayotuma nyaraka kwa baruapepe kupitia poti 587 ilikuwa bado na nywila ya kabla ya mabadiliko, na kila nyaraka iliyoshindwa kutoka iliwekwa foleni na kujaribiwa upya. Mstari mmoja wa logi, jibu lote limo. Na mstari huo ulikuwepo tangu asubuhi, kijana wa kwanza angeusoma angetaka.

Ujue pia kwamba kufunguliwa peke yake hakutoshi. Chanzo kikibaki, mtafungiwa tena kabla hamjamaliza kutuma hizo ankara. Anzeni na mashine za skani, maana hakuna anayezikumbuka nywila inapobadilishwa, kisha simu za wafanyakazi walioacha kazi, kisha Outlook kwenye kompyuta isiyotumika lakini inayowashwa. Wakiahidi kuwawekea ruhusa ya kudumu, waulize IP yenu wameiingiza wapi. Ikiwa ni csf.allow, orodha ya wanaoruhusiwa, peke yake, lfd bado anaweza kuwafungia. Inatakiwa iwe kwenye csf.ignore, orodha ya wasiotazamwa, vilevile. Ila nayo ina gharama yake: kompyuta moja ikiingiwa na virusi vinavyobahatisha nywila, mlinzi atakuwa ameshaambiwa asiwatazame.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu wana tabu zaidi. Ukiingia kwenye ruta ukaona IP yake ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, basi IP mnayoonekana nayo huko duniani mnachangia na wateja wengine wa mtandao huo. Jirani msiyemjua akikosea nywila kwenye seva hiyohiyo, nanyi mnafungiwa. Kuomba ruhusa kwa IP ya namna hiyo ni kujisumbua. Ombeni IP ya kudumu kwa kampuni ya intaneti, hata kama inalipiwa.

Matatizo mengine nayapitia haraka. Ukurasa ukija lakini Roundcube ikasema imeshindwa kuunganishwa na seva ya hifadhi, hamjafungiwa: Roundcube imeshindwa kumfikia Dovecot, programu ya seva inayotoa barua zilizohifadhiwa, na hiyo ni kazi ya wenye seva. Kama anayelalamika ni mmoja tu, mwenye akaunti inayotumiwa na watu wengi kama info, angalia kikomo cha Dovecot: kwa kawaida ni miunganisho 10 kwa akaunti moja kutoka IP moja, na Outlook au simu moja inaweza kufungua kadhaa kwa mpigo.

Sasa hukumu. Nilitaka kuandika hameni. Lakini nikisema kweli, seva yenyewe ni nzuri: barua zetu haziangukii kwenye spamu, SPF na DKIM, zile alama za kuthibitisha kwamba barua ni yetu kweli, ziliwekwa vizuri tangu mwanzo, na ule mlinzi aliyetufungia alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Seva isiyofungia mtu ningeikimbia mapema zaidi. Kwa hilo nyota tatu, labda nne.

Halafu naikumbuka ile tiketi iliyofungwa, na wateja waliokaa siku nzima wakisubiri ankara kwa sababu ya amri ambayo haichukui hata dakika kuiandika, nazirudisha hadi mbili. Zipo kampuni zinazoweka kwenye akaunti ya mteja kitufe cha kuangalia kama IP yake imefungiwa na kujifungulia mwenyewe. Hawa hawana. Kabla ya kulipia mwaka ujao nitawauliza kwa maandishi kama watakiweka, na kama logi ya kufungiwa itaambatanishwa kwenye kila jibu la tiketi. Wakikubali yote mawili, tunabaki. Wakinijibu tena habari za kashe, barua zetu zinahamia kwenye seva ambayo fayawoli yake tutaishika wenyewe.