TAHADHARI: Gereji inayouza "sili ya nyuma" kwa kila gari linalovuja oili

Wenye IST, Vitz, Raum, Passo na vigari vingine vya injini ndogo, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna gereji ya uani hapa Dar, njia ya Bagamoyo. Jina silitaji kwa sababu shauri liko serikali ya mtaa. Mchezo wao ni mmoja. Gari linaingia kwa sevisi ya kawaida, fundi analala chini na tochi, anatoka anatikisa kichwa: "Dada, sili ya nyuma imekwisha hii. Hapa ni kushusha giaboksi." Ndivyo mdogo wangu alivyoambiwa kwa IST yake. Laki nne na nusu, sili na ufundi, gari lilale. Na walitaka keshi mkononi, simu hawataki.

Wanaipenda sili ya nyuma, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, kwa sababu huwezi kuiona. Imekaa nyuma ya krenki, pale injini inapokutana na giaboksi, na kuifikia kweli ni kazi kubwa, kwa hiyo ukitajiwa bei kubwa hushtuki. Halafu oili huteremka. Tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, ikivuja, oili inashuka ubavuni mwa injini mpaka kwenye maungio hayo hayo, ndipo inadondoka. Anayechungulia chini peke yake ataona maungio yamelowa, na ukimbishia atakuonyesha kidole kilichochafuka. Oili ipo kweli. Uongo uko kwenye inakotokea.

Mdogo wangu alilipa, na gari lilirudishwa injini inang'aa kama ya bandarini. Hapo napo pana ujanja: injini ikishapigwa maji na sabuni, hata inayovuja vibaya inakaa kavu kwa muda, na wewe unashukuru na kuondoka. Haikuchukua muda doa likarudi pale pale kwenye sakafu ya maegesho.

Tukalipeleka kwa mzee mmoja fundi wa Ilala. Mzee hakuuliza mengi. Alipandisha gari, akamulika bolti za giaboksi, akatuita tuone wenyewe. Vumbi jekundu limegandana na oili ya zamani juu ya vichwa vya bolti, kona zote zimezibwa, hakuna hata mkwaruzo wa spana. Giaboksi haishuki bila bolti hizo kufunguliwa. Maji ya kuoshea yalipigwa juu tu, kule unakoona ukifungua boneti.

Kisha akaomba ile "sili ya zamani" waliyomkabidhi mdogo wangu kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi wa kazi. Tundu lake linaingia kidole gumba. Sili ya nyuma ya injini ile ni duara pana, karibu na upana wa kiganja. Hiyo waliyotupatia hata mzee hakujua imetoka kwenye nini.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa juu. Alichomoa koili ya plagi, akatoa plagi, shina lake limelowa oili. Kwenye injini hizi za NZ, aina iliyomo kwenye IST, mashimo ya plagi yanazibwa na gasketi ya tapeti kava, kwa hiyo oili ikionekana humo, gasketi hiyo imechoka. Ilipotoka ilikuwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Gasketi mpya na ufundi, elfu sitini. Mpaka leo chini ni pakavu.

Mimi si fundi, ila nimekalia mabenchi ya gereji kuliko ninavyopenda. Fundi anayetafuta uvujaji kweli anaosha injini kwanza, anaikausha, gari linatembea kidogo, ndipo anamulika kuanzia juu kushuka chini. Tapeti kava, swichi ya oili, filta, kifuniko cha mbele cha cheni, sampo (bakuli la oili chini ya injini). Akishindwa kuona chanzo, anapuliza poda ya mtoto sehemu aliyoishuku, oili ikitoka inachora mstari wake yenyewe. Sili ya nyuma inahukumiwa mwisho, baada ya vyote vya juu yake kuonekana vikavu. Anayeanza nayo kabla hata ya kufungua boneti, chukua ufunguo wako.

Mwambie pia aangalie valvu ya PCV, ile inayopumua hewa ya injini. Ikiziba, presha inasukuma oili kwenye sili, na hata ukiweka mpya itavuja tena. Na pimeni oili kwa kijiti, isizidi kipimo. Injini za 1NZ na 2NZ zinachukua lita 3.7 pamoja na filta, lakini mafundi wengi wanamimina galoni yote ya lita 4 kwa sababu umeshailipia.

Jambo jingine nililoliona kwa gereji hiyo hiyo, kwenye gari la jirani: sampo imefungwa kwa silikoni nyingi mpaka imefura nje. Ilivyofura nje ndivyo ilivyofura ndani. Vipande vikikatika vinaenda kuziba chujio la pampu ya oili, taa nyekundu ya oili inawaka, na ukiendelea kuendesha injini inanoki. Hapo ndipo watakapokuuzia injini.

Ukikubali kazi ya kushusha giaboksi kwa yeyote, weka alama ya rangi ya kucha kwenye bolti mbili tatu bila kumwambia, na uombe kuitwa giaboksi ikiwa chini. Sili inunue mwenyewe Gerezani, Kariakoo, kwenye duka linalotoa risiti. Ukiuziwa feki ndani ya boksi la jenuini, hilo ni la Tume ya Ushindani, FCC, na watahitaji hiyo risiti.

Mpaka sasa mwenye gereji amerejesha laki mbili mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na ameandikishwa kumalizia iliyobaki. Mwenyekiti anasema sisi si wa kwanza kumlalamikia, ila waliotangulia walikwenda mikono mitupu. Kama nawe uliambiwa sili ya nyuma huko, usioshe injini. Piga picha za bolti zako kwanza, na ile sili waliyokupa usiitupe.